Kidole cha Bwana Chirau

Wananchi wa Msambweni walitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichosikika mpaka Munje, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtu atakayegusa kompyuta ya maktaba bila serikali kujua, na hakuna kompyuta ya maktaba itakayoguswa bila kulindwa. Wananchi walipiga makofi. Walikuwa wameambiwa kuna pilau.

Aliyetangaza ni Dakta Nassir, Mkurugenzi wa Idara ya Mashine za Umma, mtu ambaye hajapata kusema "kompyuta" mbele ya kipaza sauti. Yeye husema "tarakilishi", kisha hunyamaza kidogo ili neno lifike vizuri.

"Tarakilishi hizi ni mali ya umma," alisema. "Na mali ya umma, ndugu zangu, adui wake mkubwa ni umma."

Bwana Jaafar Chirau, aliyeketi safu ya pili, alisimama kabisa kupiga makofi. Maneno hayo yalimwingia moyoni kama dua. Kwa miaka mingi alikuwa mtunza stoo ya vifaa vya ofisi huko Kwale, na sifa yake ilikuwa moja: hakuna kalamu iliyowahi kupotea mikononi mwake, kwa kuwa hakuna hata moja aliyowahi kuitoa. Ndiyo maana siku hiyohiyo, pilau ikiwa bado yatokota, aliteuliwa Afisa Mwandamizi wa Ulinzi, Ufuatiliaji na Utengamano wa Tarakilishi.

"Utengamano ndio nini?" mkewe, Bi Hasina, alimwuliza jioni.

"Ndio kazi yenyewe," akajibu Bwana Chirau, akaenda kupiga pasi shati.

Alianza kwa bidii ambayo haijapata kuonekana katika jengo lile. Alileta fundi wa kuchomelea kutoka Ukunda, kompyuta zikawekewa wavu wa chuma mbele. Vile vipanya vyake alivifungia kwenye droo, kwa sababu aliona ndivyo vinavyopapaswa zaidi. Nywila aliibadilisha kila asubuhi wala hakumwambia mtu, maana nywila inayojulikana si nywila tena, ni umbeya. Kufika adhuhuri alikuwa ameisahau hata yeye, na hapo ndipo usalama ulipokamilika.

Atieno, mkutubi aliyekuja pwani kutoka Homa Bay na kuzoea joto lakini si watu wa idara, alimfuata mezani.

"Boss, watu wanauliza watatumia hizi kompyuta lini."

"Watatumia zikiwa salama."

"Na zitakuwa salama lini?"

Bwana Chirau alilipima swali lile kwa haki. "Zisipotumiwa," akasema.

Ripoti yake ya kwanza ilikuwa safi kama kanzu ya Idi. Usalama, asilimia mia. Wizi, hakuna. Virusi, hakuna. Matumizi, hakuna. Dakta Nassir alimpigia simu mwenyewe kumpongeza, na wiki nzima Bwana Chirau alitembea kifua mbele.

Kisha wafadhili walioleta mashine wakaisoma ripoti ile, nao wakaisoma kutoka chini kwenda juu. Wakasema kwamba mashine zisizotumiwa zitahamishiwa kaunti nyingine kabla mwezi haujaisha.

Dakta Nassir alifika Msambweni asubuhi yake, jasho limemtoka. Alikuwa amealikwa Jeneva kuueleza ulimwengu jinsi Kwale inavyolinda tarakilishi, na mtu hawezi kwenda Jeneva kueleza ulinzi wa kitu kilichokwisha chukuliwa.

"Chirau," alisema, "waache watumie."

"Mheshimiwa, watagusa."

"Waguse, lakini tujue ni nani aliyegusa. Nimeleta mfumo."

Mfumo huo uliitwa Mfumo Jumuishi wa Utambuzi wa Mwananchi kwa Kidole. Kwa macho ulikuwa kijisanduku cheusi chenye kioo kidogo. Mtu akiweka kidole gumba, mashine humjua, humfungulia, na tangu hapo kila anachokitafuta huandikwa kwa jina lake na kupelekwa Kwale na kwa wafadhili. Dakta Nassir alikuwa amekwisha tia saini hati ya kuwathibitishia wafadhili kwamba mfumo huo hauwezi kukosea. Akaongeza na kanuni alizozitunga kwa mkono wake. Ya saba ndiyo aliyoipenda zaidi, ikisema kwamba mwenye kidole kilichofungua mashine hataondoka mpaka mashine ifungwe, na ataangalia yote yanayofanywa juu yake.

Wavu ukaondolewa, vipanya vikatolewa kwenye droo, na Jumatatu watu wakaja. Wa mbele alikuwa Mzee Boga, mfugaji wa Kinango aliyekuwa kwa binti yake Msambweni. Mbuzi wake waliobaki nyumbani walikuwa wakihara, naye alitaka kujua dawa. Aliweka kidole gumba juu ya kioo.

"Kidole hakitambuliki," kikasema kijisanduku kwa sauti ya kike. "Jaribu tena."

Akajaribu tena. Akakipangusa kwa shuka, akakitemea mate, akakipangusa.

"Kidole hakitambuliki."

"Ewe!" Mzee Boga akakiinamia kijisanduku. "Kidole hiki nimekichukulia kitambulisho, nikakipigia kura kila mlipozitaka. Leo ndipo hamkijui?"

Kamba za visima vya Kinango zilikuwa zimemlamba alama zote za kidole. Akaja Yusra, msichana wa Munje aliyemaliza shule mwaka uliopita na aliyetaka kuomba nafasi chuo cha uuguzi. Tangu utotoni alikuwa akishona makuti na mamake, na vidole vyake vilikuwa vikavu kama makuti yenyewe. Hakitambuliki. Akaja Bi Subira, mjamzito wa miezi minane, afuaye kwa mikono mashuka ya nyumba za wageni za Diani. Sabuni ilikuwa imemaliza kila kitu. Hakitambuliki. Atieno naye akajaribu, na gundi ya kubandikia majalada ikamshuhudia vibaya.

"Mwaona sasa," alisema Bwana Chirau, "mnakiweka vibaya. Kidole huwekwa hivi."

Taa ya kijani ikawaka. "Karibu, Jaafar Chirau."

Kilikuwa kidole safi, chenye mistari iliyojipanga kama shamba la mpunga. Katika maisha yake yote hakikuwa kimeshika kitu kizito kuliko muhuri.

Watu walikitazama kidole kile. Atieno akawa wa kwanza kusema.

"Boss, si uwafungulie tu?"

Bwana Chirau aliichukua kanuni ya saba akaisoma pole pole, huku Bi Subira akitafuta pa kuketi. Kanuni haikusema kwamba mwenye kidole ndiye mtumiaji. Ilisema tu asiondoke, naye hakuwa na safari. Akafungua mashine zote, moja baada ya nyingine, akakunja mikono, akaanza kuangalia.

Sasa, mtu hawezi kuketi nyuma ya bega la mwenzake kutwa nzima bila kutia neno. Siku za kwanza Bwana Chirau alinyamaza kama mlinzi wa benki. Baadaye akamsaidia Mzee Boga kusoma habari za minyoo ya mbuzi, wakabishana kuhusu mwarobaini. Akagundua kwamba hesabu za sehemu, zile za nusu na robo, zilizomshinda akiwa shule, bado zinamshinda, yeye pamoja na watoto wa shule waliokuja kuzitafuta. Siku moja Ivan, kijana wa bara aliyekuwa akibeba mizigo katika hoteli moja ya Diani, alikuwa akimwandikia mchumba aliyeko Ujerumani. Aligeuka akamwangalia.

"Mzee, hapa nimwambie nimemmiss, ama nimemmiss sana?"

Bwana Chirau alifikiri kiofisi. "Mwambie sana. Serikali haipati hasara."

Nyumbani Bi Hasina aliona mumewe amebadilika. Alikuwa akirudi na habari. Zamani alikuwa akirudi na ripoti.

Siku ya mwisho ya kupeleka maombi ya chuo, Yusra alikuwa kwenye mashine ya dirishani, amefika mahali pa kueleza kwa nini anataka kuwa muuguzi. Kando yake Bi Subira alikuwa amemwomba Atieno amwandikie maneno yake kama alivyoyasema: miguu imefura, kichwa chaniuma tangu juzi, naona vinyota machoni. Alikuwa amengoja siku yake ya kliniki, ambayo ilikuwa wiki iliyofuata. Bwana Chirau, kwa mujibu wa kanuni ya saba, aliinama kuangalia.

Mashine ilisema mjamzito mwenye dalili hizo asingoje siku ya kliniki, aende hospitali saa ileile.

"Bi Subira, umekuja na nani?"

"Na nani tena, baba? Mume wangu yuko baharini."

Yusra alikuwa amekwisha simama. "Nitampeleka mimi."

"Wewe keti," alisema Bwana Chirau. "Uuguzi wako leo ni kumaliza fomu hiyo."

Akabaki amesimama. Mashine zote zilikuwa wazi, zote kwa jina lake. Katika utumishi wake wote hakuwa amevunja kanuni hata moja, na hii ilikuwa ya saba, ile ambayo Mkurugenzi aliipenda. Kisha Bi Subira akamshika mkono ili ainuke, na ule mkono ulikuwa wa moto. Bwana Chirau akaita tuktuk, akaiacha mali ya umma mikononi mwa umma.

Hospitalini muuguzi alimpima Bi Subira presha, akapima tena, akapiga kelele kumwita daktari. Halafu akamgeukia Bwana Chirau.

"Wewe ndiwe mumewe?"

"Mimi ni Afisa Mwandamizi wa Ulinzi, Ufuatiliaji na Utengamano wa Tarakilishi."

"Haya, shika kikapu hiki, na usisimame njiani."

Alishika kikapu mpaka dada yake Bi Subira alipofika. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wangekuwa wakizungumza mengine. Bwana Chirau alirudi maktaba akitarajia kukuta kuta tupu. Alikuta mashine zote mahali pake. Atieno alikuwa akipanga vitabu. Yusra alikuwa ametuma maombi, ameinamia meza akilia kwa furaha. Na kwenye kiti cha ulinzi, mikono ameikunja, aliketi Mzee Boga.

"Hakuna kilichotoka," alisema mzee. "Kijana mmoja alitaka kukaa zaidi ya zamu yake, nikamtoa."

Kesho yake Bi Subira alijifungua mtoto wa kiume, salama. Bwana Chirau alipata habari, akasema alhamdulillahi, na kwa kuwa dada yake Bi Subira alitaka kuona majina mazuri ya wavulana, akafungua mashine kwa kidole chake, wakatafuta pamoja mpaka alasiri.

Mwisho wa mwezi wafadhili walimtuma afisa wao kutoka Nairobi, mwanamke mtulivu aitwaye Veronicah, aje kusoma matokeo mbele ya Dakta Nassir. Dakta Nassir alifika amevaa suti ya Jeneva, mkoba wa safari garini, kwa kuwa ndege yake ilikuwa ya jioni. Waliketi maktabani. Nje foleni ya watu ilikuwa imefika barabarani.

"Matumizi yamepanda sana," alianza Veronicah. "Hongereni. Kuna jambo dogo tu. Mtumiaji ni mmoja."

"Mmoja kwa mashine?" akauliza Dakta Nassir.

"Mmoja kwa zote. Anatumia mashine zote kwa wakati mmoja, kutoka asubuhi hadi jioni. Anaitwa Jaafar Chirau." Akafungua laptopu yake. "Mfumo umemchambua. Ni mwanamume wa miaka hamsini na miwili. Ana mbuzi wanaohara. Amemaliza sekondari mwaka jana na anataka kuwa muuguzi. Lakini pia yuko darasa la tano na hesabu za sehemu zinamsumbua. Ana mchumba Ujerumani, ambaye amemmiss sana. Na alikuwa mjamzito. Nadhani amejifungua, kwa sababu dalili ziliisha ghafla akaanza kutafuta majina."

Bwana Chirau alitaka ardhi ifunguke, tena bila kuulizwa kidole.

"Sasa," alisema Veronicah kwa upole, "ninaweza kuandika kwamba mfumo ulikosea. Ni neno moja tu. Halafu tutasimamisha mradi na ile safari, tuanze uchunguzi."

Dakta Nassir aliuangalia mkoba wake garini kupitia dirisha.

"Mfumo haukosei," alisema. "Nimetia saini."

"Kwa hivyo Bwana Chirau amejifungua."

Dakta Nassir akaligeukia tumbo la Bwana Chirau, akalitazama kwa makini kwa mara ya kwanza. Kwa kweli halikuwa tumbo dogo.

"Takwimu ndizo zisemazo," akasema.

"Mheshimiwa," alianza Bwana Chirau, "mimi ni mwanamume, tena—"

"Nyamaza, usijichoshe."

Veronicah aliandika bila kutabasamu. "Basi sheria iko wazi. Aliyejifungua hupewa likizo ya uzazi, miezi mitatu, mshahara kamili. Na haruhusiwi kufanya kazi hata kidogo. Aanze leo."

Dakta Nassir akatia saini upesi, maana saa ilikuwa ikienda. Alikuwa ameinuka, mkono wa kuaga ameunyosha, Veronicah alipouliza, kama mtu aliyekumbuka mwavuli:

"Na mashine atazifungua nani? Watu wako nje. Nikiondoka bila kuona zikitumiwa, itabidi niandike matumizi ni sufuri."

Wakajaribu kidole cha Atieno. Hakitambuliki. Wakamjaribu dereva wa Mkurugenzi, ambaye alikuwa akitengeneza gari lile mwenyewe kila lilipoharibika. Hakitambuliki. Wote wakageuka. Dakta Nassir akakiweka kidole chake juu ya kioo, taratibu, kama mtu anayeonja maji ya moto.

"Karibu, Nassir," kikasema kijisanduku, na hakikungoja hata kidogo.

Milango ikafunguliwa, watu wakaingia, mashine zote zikajaa. Dakta Nassir akauelekea mlango. Atieno alikuwa amesimama hapo na kanuni mkononi.

"Samahani, daktari. Namba saba. Mwenye kidole haondoki."

"Aliyeandika upuuzi huu ni nani?"

Atieno akamwonyesha saini.

Ndege ya jioni iliondoka na kiti kitupu.

Bi Hasina alipoisikia habari ya likizo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa leso. Kisha akakasirika. "Mimi niliyezaa wanne, siku ya arubaini niko nje nauza mahamri, nilipewa likizo na nani?" Tangu siku hiyo alikuwa akienda matembezini, naye mzazi akabaki nyumbani kuosha vyombo.

Dakta Nassir hakukaa bure. Aliamua kuifuta kanuni ya saba. Lakini kanuni hufutwa na kamati, kamati hukutana Kwale saa za kazi, na haiwezi kukutana bila mwenyekiti, ambaye ni yeye, naye saa za kazi yuko Msambweni na mashine ziko wazi. Alifikiria kuzizima. Wafadhili wakasema zikizimwa zitachukuliwa siku hiyohiyo, pamoja na gari lake, ambalo nalo ni lao. Basi akawa anafika kila asubuhi, anaweka kidole, anakunja mikono. Suti ikaachwa nyumbani kwa sababu ya joto. Wiki ya pili alisikika akisema "kompyuta".

Wazee walimwita Bwana Gumba. Mama mmoja muuza samaki aliyetoka Jego na alfajiri alimkuta siku moja amechelewa, akamkaripia foleni nzima ikisikia, naye Mkurugenzi, aliyekuwa hajapata kumwomba mtu radhi tangu ateuliwe, alisema, "Nisamehe, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Weka kidole."

Huko Kwale, ofisi yake ilikaa bila mtu. Simu zililia, majalada yakalala. Wakubwa wakachunguza, wakaona Mkurugenzi hajaonekana kazini, nao wakafanya kama utaratibu unavyotaka: wakaitangaza kazi yake. Maombi, walisema, yapelekwe kwa mtandao.

Bwana Chirau, ambaye likizo ilikuwa imembakisha nyumbani na vyombo mpaka akachoka, aliisoma habari hiyo kwenye simu ya mwanawe. Alipiga pasi shati. Alipofika maktaba alikuta Atieno ameigawanya foleni mara mbili, maana watu walikuwa wamezidi. Hakuona haja ya kuuliza, akajiunga na ya kulia iliyokuwa fupi, mpaka akafika mbele ya kiti cha ulinzi. Walitazamana, yeye na mkubwa wake. Wote wawili waliona haya kidogo.

"Habari ya uzazi?" akauliza Dakta Nassir.

"Alhamdulillahi, twaendelea."

"Leo watafuta nini?"

Bwana Chirau alikohoa. Alikuwa amejiandaa njia nzima jinsi ya kulisema, na sasa maneno yote yalimkimbia.

"Kazi yako, mheshimiwa."

Dakta Nassir hakushtuka. Akaitazama foleni nyingine, ambamo Mzee Boga alikuwa mbele, muuza samaki wa Jego akimfuata, kisha Ivan aliyejitia tai, na watu wengine wakiendelea mpaka nje kwenye jua.

"Ya kazi yangu ni ile ya kushoto," alisema, akionyesha kwa kidole gumba. Kisha akakirudisha upesi juu ya kioo, kwa sababu kulikuwa na mtu anayengoja.